Mzunguko Unaopita Kwenye Waya

Harufu ya mota iliyoungua humfikia mtu kabla hajaiona mota yenyewe. Ni harufu ya vanishi na karatasi iliyokaangwa, na asubuhi ile pale Nduguti, wilayani Mkalama, ilikuwa imetoka bandani kwa fundi mpaka barabarani. Mota ya HP 20, ya mashine ya kusaga, ilikuwa imelazwa juu ya gunia tupu, vifuniko vyote viwili vimetolewa, na fundi amechuchumaa akichomoa nyaya nyeusi kwa koleo, fungu baada ya fungu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo kwenye benchi, ila usizikanyage hizo nyaya."

Alikuwa anahesabu, kwa hiyo salamu ziliishia hapo. Kila fungu alilolitoa alilihesabu waya mmoja mmoja, akamtajia kijana wake, naye akaandika kwenye daftari la shule lililoloa mafuta: mifereji 36, koili inaruka mifereji mingapi, kila koili ina mizunguko mingapi, waya una unene gani. Hesabu ikipotea, mota itakayotoka hapo itazunguka ovyo au itachemka mpaka iungue tena. Mafundi huiita kazi hii kusuka mota, na neno limekaa: ukiitazama mikono yake utadhani anasuka ukili, ila ukili wenyewe ni shaba.

Kisa cha kuungua kilikuwa cha kawaida. Jioni moja, foleni ya madebe ya mahindi ikiwa bado ndefu, fezi moja kati ya tatu ilipotea. Mota ikaendelea kujikokota kwa zile mbili, inanguruma, na kijana wa zamu akadhani mahindi ni mabichi. Muda si muda, moshi.

Mwenye mashine alipita kuulizia maendeleo. Nikamwuliza umeme uliingia lini kwao. Nilitarajia anitajie nguzo, au taa ya kwanza barazani. "Kwangu mimi," alisema, "umeme uliingia siku niliyouza injini ya dizeli."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niianze historia hii upande wa kuzunguka badala ya upande wa kuwaka. Taa tunaiona, kwa hiyo tunaisimulia. Lakini mtambo wa umeme wa maji, gesi au upepo ni kitu kinachozungushwa, na mota ya Nduguti ni kitu kinachozunguka kwa sababu kile cha mbali kinazunguka. Waya uko katikati, kama mkanda wa mashine uliorefushwa kupita kiasi. Wataalamu wa Ulaya walihangaika zaidi ya miaka hamsini hadi kuufahamu mkanda huo, na ulihitaji zaidi ya karne nyingine ufike Mkalama.

Kisa chake kinaanzia kwenye dira. Manahodha wa pwani yetu walisafiri na dira karne nyingi kabla wataalamu hao hawajaanza kuhangaika. Sindano ya dira waliijua tabia: inaelekea kaskazini, na haibembelezeki isipokuwa kwa chuma au sumaku nyingine. Aprili 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted alikuwa akifundisha, akapitisha umeme wa betri kwenye waya uliokuwa karibu na dira. Sindano ikacheza. Alipokata umeme, ikarudi mahali pake. Alichapisha habari hiyo Julai, na kabla mwaka haujaisha André-Marie Ampère alikuwa amekwisha kuonyesha kule Paris kwamba hata nyaya mbili zinazopitisha umeme huvutana au kusukumana bila sumaku yoyote kuwapo.

Kilichowasumbua wataalamu ni namna sindano ilivyokwenda. Haikuvutwa kuelekea kwenye waya, wala haikusukumwa mbali nao. Iligeuka ikataka kuukingama. Nguvu walizozizoea, uzito kwa mfano, zilivuta moja kwa moja kama kamba. Hii ilikuwa inazungusha.

Aliyelishika jambo hilo kwa mikono alikuwa Michael Faraday wa London, mtoto wa mhunzi, mwenye shule kidogo sana. Ujanani alifundishwa kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile vilivyoletwa kujalidiwa, na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa mkemia Humphry Davy katika Royal Institution. Septemba 1821 alisimamisha sumaku ndani ya chombo cha zebaki, akaning'iniza waya juu yake ncha ikigusa zebaki, akaunga betri. Waya ukaanza kuizunguka sumaku, na haukusimama mpaka betri ilipotolewa. Shemeji yake mdogo alisimulia baadaye jinsi Faraday alivyocheza kwa furaha akiizunguka meza. Hiyo ndiyo mota ya kwanza duniani, na haikuwa na nguvu ya kusaga punje moja ya mtama.

Likabaki swali la upande wa pili: kama umeme unazaa mwendo, mwendo nao hauzai umeme? Ilimchukua miaka kumi. Tarehe 29 Agosti 1831 alijaribu pete ya chuma yenye upana wa inchi sita, aliyoizungushia koili moja upande huu na nyingine upande ule. Waya wenye vanishi kama huu wa fundi wa Nduguti haukuwapo dukani, kwa hiyo alitenganisha mizunguko kwa uzi na vipande vya kitambaa cha pamba, tabaka juu ya tabaka. (Kijana wa fundi alikuwa anakata karatasi ngumu ya kutandika ndani ya mifereji wakati ninayawaza haya. Kazi ni ile ile.) Alipounga betri kwenye koili ya kwanza, sindano iliyounganishwa na ya pili iliruka, kisha ikalala. Alipoitoa betri iliruka tena, safari hii kinyume. Umeme ukipita kwa utulivu haukufanya lolote. Ni kule kuanza na kule kukoma ndiko kulikozaa kitu.

Oktoba 17 aliichukua sumaku ya mche akaitumbukiza ndani ya koili tupu. Ikiingia, sindano inakwenda upande mmoja. Ikitoka, upande wa pili. Ikikaa humo, hakuna kitu. Oktoba 28 alizungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme usiokatika kwa muda wote sahani ilipokuwa ikizunguka. Miezi miwili ilitosha, baada ya kungoja miaka kumi.

Wazee wa Iramba na Mkalama waliijua kwa miguu sheria hii ya mwendo kuzaa umeme. Baiskeli ya zamani ilikuwa na dinamo, kile kichupa cha chuma kilichofungwa kando ya gurudumu. Ukikibonyeza kinaegemea tairi, na kichwa chake kinazungushwa nalo. Ndani mna sumaku inayozunguka na koili iliyotulia, basi. Ukiteremka, taa inang'aa mpaka unaona mawe ya mbali. Ukipanda inafifia ikawa ya njano. Ukisimama ni giza, hasa pale uliposimama kwa sababu umesikia kitu kichakani.

Lakini dinamo ilikuwa na somo la pili, na hilo lilikaa kwenye mapaja. Ukiiegemeza tu, pedali zinakuwa nzito. Heinrich Lenz aliliandika jambo hilo mwaka 1834, huko St Petersburg: umeme unaozaliwa na mwendo huupinga mwendo uliouzaa. Kila mwanga unaotoka mbele ya baiskeli umelipiwa na mguu. Mara kwa mara hujitokeza mtu kwenye simu akionyesha mota inayozungusha jenereta inayoilisha mota ile ile, eti milele. Huyo hajawahi kupanda mlima Sekenke usiku na baiskeli yenye dinamo.

Kwa miaka mingi mota na jenereta zilikwenda kila moja na njia yake, kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Mwaka 1832 Hippolyte Pixii wa Paris alitengeneza jenereta ya kuzungusha kwa mkono. Marekani, Thomas Davenport, mhunzi wa Vermont, alipata hataza ya mota mwaka 1837, lakini mota yake ilikula betri, na betri zilikula zinki, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe ya injini ya mvuke. Biashara ikafa. Mwaka 1866 Werner von Siemens aliachana na sumaku za kudumu, akaifanya mashine ijitengenezee sumaku kwa umeme wake yenyewe. Kisha akaja Zénobe Gramme, Mbelgiji, na jenereta iliyotoa umeme wa kutosha kufanyia kazi.

Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, mashine moja ya Gramme ilizungushwa na injini, na umeme wake ukapelekwa kwa waya hadi kwenye mashine nyingine ya Gramme, aina ile ile. Ya pili ikazunguka, ikaendesha pampu ya maji. Wengine husimulia kwamba iliungwa kwa makosa. Iwe kosa iwe kusudi, watazamaji waliona kwa macho kuwa jenereta na mota ni chombo kimoja, na kwamba mzunguko unaweza kupelekwa mahali usipoonekana unakotoka.

Vienna hiyo niliiona Nduguti. Kijana wa fundi aliposikia ninachokiulizia, aliinuka akarudi na mota mbili ndogo alizozitoa kwenye deki za DVD zilizokufa. Alizisokota nyaya zao pamoja. Kwenye ekseli ya moja akagandisha kipande cha karatasi kama bendera. Kwenye ya pili akazungusha uzi, kama mtoto anayefunga pia, akauvuta kwa nguvu. Bendera ya ile nyingine ikazunguka mara tatu, nne, ikasimama.

"Hii inaipa ile," alisema. Akahamisha uzi, akavuta tena. "Na ile inaipa hii."

Fundi hakuinua kichwa. "Ukimaliza mchezo niletee mkasi."

Afrika Mashariki umeme uliingia kwa mlango wa jumba la kifalme. Katika simulizi ya kampuni ya umeme ya Kenya, Sultani Barghash wa Zanzibar alijipatia jenereta mwaka 1875 ya kuwashia kasri lake na mitaa ya jirani, na mwaka 1908 mashine hiyo ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam. Ulikwenda sehemu mbili: mitaa walikokaa wao wenyewe, na karakana ya reli. Karakana hutajwa kwa kupitiwa tu, nami naona ndiyo yenye habari, maana huko palikuwa na vyuma vya kukereza.

Mkalama ya wakati huo ilikuwa na boma la Mjerumani, na boma lilimulikwa kwa taa za mafuta. Waingereza nao walijenga reli ya tawi kutoka Manyoni, na katika miaka ya 1930 treni za mvuke zilifika Kinyangiri, ambayo leo iko ndani ya Wilaya ya Mkalama. Baadaye reli hiyo ilifungwa ikang'olewa. Umeme haukuifuata.

Ulikuwa mbali, Tanga. TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuyatumia maporomoko ya Pangani kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Hapo ndipo mtu wa Iramba alipokutana nao. Mashamba yale yalitafuta watu bara, na kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na shirika maalumu la kuwaandikisha, SILABU. Walioandikishwa waliitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba. Wanyiramba walikuwamo, pamoja na Wanyaturu, Wanyamwezi na Wasukuma. Mtu aliyezoea kuona nafaka ikisagwa juu ya jiwe kwa mikono ya mama yake alisimama mbele ya korona, kiwanda kinachoyaponda majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi, na kila kitu humo kinazunguka. Waliorudi na akiba walirudi na blanketi, na wengine na baiskeli.

Mota aliyokuwa akiisuka fundi ni ya ukoo mwingine, uliozaliwa miaka ya 1880. Nilipomwuliza ndani mna nini, aliniwekea rota mapajani. Ni gogo la chuma lenye vipande vya alumini vilivyolala kwa urefu wake, vimeungwa ncha zote mbili kwa pete. Nikazitafuta nyaya nisizione.

"Haina," alisema. "Hakuna umeme unaopelekwa humu. Unazaliwa humu humu."

Galileo Ferraris wa Turin na Nikola Tesla huko Marekani walilifikia wazo hilo kila mtu peke yake, na wote walilitangaza mwaka 1888. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, akifanya kazi Ujerumani, aliipa sura ya fezi tatu tunayoitumia. Fezi tatu hupanda na kushuka kwa kupokezana, kama watwangaji watatu kwenye kinu kimoja, na kwa kupokezana huko nguvu ya sumaku inazunguka ndani ya koili ingawa koili zenyewe zimetulia. Sumaku hiyo inayopita inazalisha umeme kwenye vile vipande vya alumini. Umeme huo nao, ukiwa ndani ya sumaku, unasukumwa, na rota inaondoka. Faraday wa 1831 na Faraday wa 1821 wamo ndani ya chuma kimoja, mmoja akimkabidhi mwenzake.

Na rota haiifikii sumaku inayoikimbiza. Sumaku ya mota kama hii inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota ikiwa na mzigo inakwenda kama 1,440. Ingeifikia, tofauti ingeisha, na umeme ndani yake ungeisha. Inafanya kazi kwa sababu imechelewa.

Mwaka 1891 Wajerumani walipeleka umeme wa fezi tatu kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kwa kupandisha msongo na transfoma mwanzoni na kuushusha mwishoni. Hapo umbali ukaacha kuwa kikwazo cha ufundi. Ukabaki kikwazo cha fedha na siasa, na hicho kilikuwa kirefu zaidi.

Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kilianza mwaka 1975, kikafikia megawati 204. Katika miaka ya 1980 njia ya kilovolti 220 ikavuta umeme kutoka Mtera kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Mji wa Singida ukapata. Vijiji vilivyopitiwa na minara vilipata kivuli chake. Sheria ya nishati vijijini ilitungwa mwaka 2005 na Wakala wake, REA, akaanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2012 Mkalama ilitengwa na Iramba ikawa wilaya, na makao makuu yakawa Nduguti. Ofisi zilihitaji umeme, na benki, na zahanati. Bei ya kuunganishiwa nyumba kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000. Taa zikaenea haraka.

Mashine za kusaga zilichelewa. Nyumba inatosheka na fezi moja, mashine inataka tatu, na nyaya za fezi tatu hazifiki kila kitongoji. Mwenye mashine alinieleza miaka ya injini: madumu ya dizeli ya kusafirisha, kulizungusha gurudumu kwa manivela asubuhi ya baridi hadi mkono ukatike, na ule mlio uliojulisha kijiji kizima kuwa leo kunasagwa. Baada ya mota kufungwa, kinamama walikuwa wakituma watoto kwanza waje kuchungulia kama mashine inafanya kazi, maana kutoka mbali haikusikika. Wakamuaji wa alizeti walifuata. Msimu ukifika, mota zile zile zinasukuma mbegu mpaka mafuta yanatiririka huku na mashudu yanatoka kule.

Leo mkanda wenyewe umekuwa mrefu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja. Ya kwanza ilianza kuzalisha Februari 2024. Mashine hizo, za Kidatu, za Kihansi na zile za gesi za Dar es Salaam zote huzunguka kwa mapigo mamoja, 50 kwa sekunde, hakuna inayoruhusiwa kwenda na ngoma yake. Mota ya Nduguti nayo inafuata mapigo hayo. Mama akimimina debe la mahindi kwenye mdomo wa mashine, rota inachelewa kidogo zaidi, inavuta umeme zaidi, na kule Rufiji gurudumu la maji linakuwa zito kwa kiasi hicho hicho. Hakuna mtu anayeweza kulipima debe moja kutoka huko, lakini jioni, madebe yakiwa mengi na taa zote zimewashwa, vifunguo vya maji hujifungua vyenyewe kuyapa magurudumu nguvu. Ni pedali ya dinamo, ila mguu ni mto.

Mota ilikaa juani siku mbili, vanishi ikakauka. Siku ya tatu jioni tuliibeba watu wanne, tukaifunga kwenye kitako chake bila mkanda. Ukutani kulikuwa na mshale wa chaki unaoonyesha upande wa kuzunguka. Fundi alikaza nyaya tatu, akapima kila fezi kwa mita, zote zikawapo, akapandisha swichi.

Ilinguruma kidogo, ikashika kasi, ikatulia kwenye sauti moja. Ilikuwa inazunguka kinyume cha mshale.

Kijana alinitazama kuona kama nimeshtuka. Fundi alizima, akangoja isimame kabisa, akalegeza skrubu mbili na kubadilishana nyaya zake, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Ya tatu hakuigusa.

"Sasa lete mkanda," alisema.